Hodi ya Mwanga

Katika lugha hii picha hupigwa.
Sikuwahi kulifikiria neno hilo
mpaka Ayikoru, bibi harusi wa Jumamosi iliyopita,
aliporudisha bahasha juu ya meza yangu
akasema: kweli, umenipiga.

Nikazitoa moja moja.
Paji la uso linang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.
Kivuli cha pua kimeangukia shavuni, cheusi, kama wino uliomwagika.
Na nyuma yake wajomba watatu kutoka Maracha,
macho mekundu kama walikesha kilabuni,
ilhali mmoja wao ni mlokole.

Nilimrudishia nusu ya pesa.
Nusu nyingine nilikuwa nimekwisha kula.

Usiku ule umeme ulikatika, Arua yote giza.
Nikakaa kitandani na flashi yangu,
kitu kidogo, hakizidi kiberiti,
nikaielekeza ukutani, ikawaka:
kufumba na kufumbua nikaona kila kosa la chumba changu,
utando wa buibui, shati, deni la kodi lililoandikwa kwa chaki.
Hivi ndivyo nilivyokuwa nikiwaangalia watu.

Kesho yake nikaanza kujaribu.
Karatasi ya chooni: ikanuka kuungua.
Kaveera nyeupe ya sukari: ikanyauka.
Nikaigeuza flashi itazame juu, mwanga ugonge dari kwanza
ndipo umshukie mtu,
lakini dari hii mwenye nyumba aliipaka
kijani kilichobaki walipomaliza msikiti,
na Afeku, mtoto wa jirani, niliyemwita akae kitini,
akatoka picha kama ndizi mbichi.
Mama yake akauliza kama nimempa dawa gani.

Kilichoniokoa ni chandarua,
kile cha bure walichogawa kabla ya mvua.
Nikakikunja mara nne,
nikakitandika juu ya mbavu za mwavuli uliokufa,
flashi nikaificha ndani kama kaa la moto chini ya majivu.
Ule mwanga uliozoea kurusha ngumi
ukapita kwenye matundu yale maelfu
ukatoka umekunjua kiganja.

Nilidhani upole ni udogo.
Kumbe taa ndogo ndiyo yenye ulimi mkali.
Ipanue, isogeze karibu na mtu,
ipunguze nguvu,
nayo itaanza kusema kama jamaa.

Akaja Kaltuma wa mtaa wa Tanganyika,
anataka picha ya kumpelekea dada yake Juba.
Akakaa upande, mtandio shavuni.
Chini ya mtandio kuna kovu: taa ya mafuta,
zamani, ililipuka.
Nikamwambia, usijali, nina chombo kipya,
nitalilainisha mpaka lipotee.

Akanitazama.
Nani kasema lipotee?
Nimeishi nalo tangu darasa la pili.
Lionekane. Ila lisiwe la kwanza kuamkiwa.

Nikanyamaza. Nikasogeza mwavuli kando yake,
juu kidogo ya jicho, karibu hata ningeweza kumgusa.
Nguvu nikaishusha hadi robo.
Na kabla ya kubonyeza, sijui kwa nini,
nikasema: hodi.

Karibu, akajibu, kwa mazoea tu,
na mkono ukashuka, na mtandio ukashuka nao,
na mwanga ukaingia
kama mgeni aliyevua viatu mlangoni.

Kovu lipo. Njia nyembamba kutoka sikioni hadi taya,
linaongea kwa sauti ile ile ya jicho, ya mdomo.
Aliishika picha muda mrefu.
Akalipa, akaomba ya pili, yake mwenyewe.

Bahasha ya Ayikoru bado iko kwenye droo.
Nimemtuma mtu wa boda:
mwambie aje na gauni lile lile,
hatalipa kitu, na safari hii sitampiga.
Neno lingine sijalipata, bado natafuta.
Na wajomba nao waje kama wana nafasi,
hasa yule mlokole.